Amani Ndani ya Mtumbwi: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Uonevu Mkiwa Majini

Nchi kavu ukikosana na mwenzako unaondoka. Unahama chumba, unabadilisha kijiwe, unakula kwa mama ntilie mwingine. Ndani ya mtumbwi wa futi thelathini uliotoka Kayenze jana jioni na utakaorudi keshokutwa, huna pa kwenda. Anayekutukana ndiye ameshika mashine, ndiye anayegawa ugali, na ukianguka majini ndiye atakayeamua ageuze au asigeuze.

Nimeuandika mwongozo huu kwa matajiri (wenye mitumbwi), manahodha na mabaharia wa mitumbwi ya sangara na dagaa wa Ziwa Victoria, Mwanza na visiwani. Mengi yaliyomo nimeyaokota kwa watu ambao huku kwetu hatuwafikirii sana: wanaoshindana kwa mashua za tanga kuvuka bahari kuu. Mbio za kuzunguka dunia kwa mashua zenye mabaharia kadhaa zilianza Portsmouth, Uingereza, mwaka 1973, na leo zinaitwa The Ocean Race. Kuna nyingine, Clipper Race, iliyoanzishwa na Robin Knox-Johnston, ambaye mwaka 1969 alikuwa mtu wa kwanza kuzunguka dunia kwa mashua peke yake bila kusimama bandarini. Hii ya Clipper inachukua watu wa kawaida wanaolipa wenyewe nafasi zao. Ni safari ya maili za baharini kama 40,000, karibu miezi 11 kwa anayekwenda mzunguko mzima. Mashua ina futi 70, na ndani yake kuna watu kama ishirini ambao wengi hawakuwa wakifahamiana. Nahodha wa huko akiruhusu ubabe, hana mashua tena, ana gereza linaloelea. Ndiyo maana wamelazimika kuwa na taratibu.

Nionavyo mimi, watu wabaya wapo, lakini ugomvi mwingi wa majini hutoka kwenye usingizi, sufuria na daftari la fedha. Vipangeni vitatu hivyo mkiwa bado mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia. Atakayeendelea kuonea wenzake baada ya hapo mtamwona mchana kweupe, naye hatakuwa na kisingizio cha kuchoka wala cha njaa.

Hatua ya 1: Chagua watu kabla ya kuhesabu nyavu

Muulize baharia mpya alitokaje kwenye mtumbwi wa mwisho, kisha muulize nahodha wa mtumbwi huo. Majibu mawili yakipishana, fuatilia. Mtu anayesema vibaya kila nahodha aliyewahi kufanya naye kazi, nawe utasemwa vivyo hivyo, tena mbele ya watu wako.

Tazama pia undugu. Mtumbwi wenye ndugu watatu na mgeni mmoja una hatari kuliko mtumbwi wa wageni wanne, kwa sababu mgeni hana wa kumuunga mkono, na nahodha ambaye ni mjomba wa watu hawezi kuonekana anatenda haki hata akitenda. Kama lazima uwapakie ndugu, wapakie wawili na wengine wawili wa nje.

Umri hauna mjadala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kama mfanyakazi wa melini. Sioni kwa nini mtumbwi wa wazi, usiku wa radi, uonekane salama kuliko meli. Mtoto ndiye wa kwanza kuonewa na wa mwisho kusema.

Hatua ya 2: Kikao cha mwaloni

Nusu saa inatosha. Kaeni kabla ya kupakia barafu, mtumbwi ukiwa bado umevutwa ufukweni na hakuna aliyelewa. Tajiri awepo au atume mtu. Daftari liwepo.

Mambo ya kuandika ni haya: nani nahodha, na nani anashika nafasi yake akiugua, zamu za usiku, zamu za jiko, mgao, matusi yasiyovumilika, na nani msikilizaji. Huyu wa mwisho ndiye mitumbwi mingi haina. Ni baharia asiye nahodha, anayeheshimika, ambaye yeyote anaweza kumwendea na neno lake bila kuonekana anachongea. Si lazima awe mkubwa kwa umri. Awe mtu ambaye nahodha humsikiliza.

Kisha andikeni haki ya kushushwa. Maneno yawe hivi, au karibu na hivi: "Baharia yeyote anaweza kuomba kushushwa kwenye kisiwa cha karibu chenye watu, hali ya hewa ikiruhusu, na fungu lake la usiku aliokwisha kufanya kazi halipotei." Najua tajiri atakunja uso, kwa sababu kukengeusha mtumbwi ni petroli. Lakini hapa sisi tuna bahati ambayo wale wa bahari kuu hawana. Katika Pasifiki ya kusini, njia ya mashua za The Ocean Race hupita jirani na mahali panapoitwa Point Nemo, ambapo nchi kavu iliyo karibu iko umbali wa kilomita 2,688. Huko huwezi kushuka hata ungelia. Ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba kama 68,800, lakini limejaa visiwa: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Goziba. Kisiwa chenye watu mara nyingi ni mwendo wa saa chache tu. Nahodha anayejua kwamba mtu wake anaweza kushuka huchunga ulimi.

Kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Ukurasa upigwe picha kwa simu, abaki nao tajiri.

Hatua ya 3: Gawa usingizi

Hapa kaeni sana, kwa maana ndipo penye mzizi. Mtu asiyelala usiku wa pili huanza kukosea, wa tatu huanza kutukana, na wenzake humwita mvivu au mkorofi wakati mwili wake umeshakata tamaa. Dagaa ndio wabaya zaidi: taa zinawashwa jioni, wavu unavutwa mara kadhaa mpaka alfajiri, na wakifika ufukweni kuna kuanika. Wa sangara hutega jioni na kulala palepale kulinda nyavu zisiibwe, kisha hutegua kabla ya jua kuchomoza. Katika mitumbwi yote miwili, pasipokuwa na zamu, anayekesha ni yuleyule: mdogo.

Kipimo kipo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi ya uvuvi, wa mwaka 2007, unasema vyombo vinavyokaa majini zaidi ya siku tatu vimpe kila mtu angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Hata kama mtumbwi wako ni wa usiku mmoja, itumie saa 10 kama kamba ya kupimia: hesabu usingizi wa majini na wa mchana kambini, uone nani yuko chini.

Kwa mtumbwi wa sangara wenye watu wanne, nyavu zikishategwa, gaweni usiku hivi. Wawili wakeshe kuanzia saa mbili mpaka saa sita, wawili wengine saa sita mpaka saa kumi alfajiri. Kila mmoja anapata saa nne mfululizo, na saa nne mfululizo ni bora kuliko sita za kukatizwa. Usiku unaofuata mnabadilishana. Nahodha naye ana zamu. Anayesema "mimi nalala jicho moja usiku kucha" hajalala, na asubuhi ndiye atakayemrukia mtu.

Mkikaa siku nyingi majini na zamu zikawa za mchana na usiku, mtakutana na tatizo dogo la hesabu. Zamu za saa nne ni sita kwa siku, na kwa makundi mawili hiyo ni namba shufwa, kwa hiyo kundi moja litabaki na zamu mbovu ya usiku wa manane siku zote. Mabaharia wa tanga wamelitatua zamani: zamu ya jioni, saa kumi mpaka saa mbili, wanaikata vipande viwili vya saa mbili mbili. Zinakuwa zamu saba, namba witiri, na makundi yanapishana yenyewe bila mtu kubishana na mtu.

Namna ya kumwamsha mtu nayo iandikwe. Ni kwa jina lake, kwa kugusa mguu, dakika kumi na tano kabla ya zamu, chai ikiwa tayari kama jiko linawaka. Marufuku kumwagia maji, kumpiga teke, kumpigia sufuria sikioni.

Hatua ya 4: Sufuria

Katika mashua za Clipper watu wawili huchukua jiko kwa siku nzima. Wanapika, wanaosha, wanafagia, hawagusi tanga. Malipo yao ni usiku mzima wa kulala bila kuamshwa. Naupenda utaratibu huu kuliko wote, kwa sababu unaligeuza jiko kuwa kitu cha kugombea. Kwetu jiko ni adhabu ya mgeni: anapika, anapakua, anakula mwisho, anaambulia ukoko na mchuzi uliobaki chini. Likienda kwa zamu, nahodha akiwemo, nusu ya dharau inaisha siku hiyohiyo.

Anayepakua achukue sahani ya mwisho. Maji ya kunywa yawe kwenye dumu moja linaloonekana, si chini ya kiti cha mtu. Pombe isipande mtumbwini. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini chupa ndogo bado zinapita mifukoni, na sijawahi kusikia ugomvi wa majini ambao pombe iliupoza.

Akiwemo mwanamke, awe mpishi, mnunuzi au abiria wa kutoka kambini, tengeni mahali pake pa kujisitiri kwa turubai na ndoo kabla ya kuondoka, na nahodha aseme mbele ya wote kwamba samaki hawauzwi kwa mwili. Maneno ya ngono kwake si utani wa aina yoyote. Na anayedhani jiko ndilo mwisho wa uwezo wa mwanamke, amtazame Tracy Edwards: kwenye mbio za kuzunguka dunia za 1985–86 alikwenda kama mpishi, na zile za 1989–90 alirudi akiwa nahodha wa mashua iitwayo Maiden, yenye mabaharia wanawake watupu. Walishinda vipande viwili vya mbio katika daraja lao.

Hatua ya 5: Utani na mpaka wake

Ziwani bila utani hakukaliki. Msukuma ana lake kwa Mkerewe, Mjita ana lake kwa Mhaya, na usiku unakuwa mfupi. Sitaki mtu asome mwongozo huu akapige marufuku kucheka.

Lakini upo mtihani rahisi: mtani hujibu. Kama unayemtania anaweza kukurudishia maneno mazito kama yako, na wenzako wakakucheka wewe, huo ni utani. Kama akijibu anaambiwa "wewe dogo una adabu kweli?", huo ni uonevu uliovaa kanzu ya utani. Mtihani wa pili ni kuzunguka. Utani huhama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ukiona usiku wa tatu bado ni mtu yuleyule, umeshaoza.

Nilimwona kijana mmoja kwenye mtumbwi wa dagaa upande wa Igombe. Ilikuwa giza lake la kwanza, yaani msimu wake wa kwanza wa usiku usio na mbalamwezi, ambapo dagaa huvuliwa. Mwenzake mkubwa alikuwa akimwamsha kwa kopo la kutolea maji yanayoingia mtumbwini, anachota chini ya mtumbwi, maji yenye magamba na mafuta, anamwagia shingoni. Wote wanacheka. Kijana naye akacheka, lakini alikuwa amevuta mkono wa sweta mpaka vidoleni na kuuma kitambaa. Baada ya hapo akaacha kusema. Alfajiri wavu ulinasa kwenye jiwe upande wake, akauona, akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mjinga, wenzake wakavuta. Ukachanika kipande kirefu. Mwisho wa giza tajiri alikata fedha ya kushona kwenye fungu la kila mtu. Waliocheka wote walilipia lile kopo.

Jambo moja halina mjadala wa utani: jaketi okozi. Kumwita mtu mwoga kwa sababu amelivaa, au kulificha, au kulifanya mto wa mkubwa, ni kumweka karibu na kifo. Wale wa bahari kuu, wenye uzoefu wa miaka, usiku na kwenye mawimbi hulivaa na kujifunga kamba kwenye chombo juu yake. Hakuna anayewaita waoga.

Hatua ya 6: Sauti ya nahodha

Dhoruba za ziwa hili hupiga sana usiku, na hapo hakuna "tafadhali". Nahodha atapaza sauti, na mwenye akili hatalia kwamba ameonewa. Tofauti iko katika kinachosemwa. "Juma, achia kamba ya mbele, sasa!" ni amri: ina jina, kitendo na wakati. "Fala wewe, unafanya nini hapo!" haina kitu ndani yake. Juma bado hajui afanye nini, na ameongezewa hofu.

Upepo ukitulia, nahodha amtafute aliyekaripiwa na kumweleza kwa dakika mbili kilichokuwa kinatakiwa. Akosoe kazi na kuuacha ukoo wa mtu, kabila lake na mwili wake.

Hatua ya 7: Likitokea mkiwa majini

Dalili huja kabla. Mtu anaacha kula na wenzake. Anahamia kulala mbele kwenye omo peke yake. Anajibu "sawa" kwa kila kitu. Au kinyume chake: watu wanaacha kumjibu. Kumsusa mtu ndani ya mtumbwi ni kipigo kisicho na alama, na nahodha wengi hawakihesabu kwa sababu hakina kelele.

Kwa nahodha: usisuluhishe mbele ya hadhara wala wakati wa kuvuta nyavu. Subiri kazi iishe, mchukue mmoja mmoja, anza na aliyeonewa. Muulize nini kilitokea, si nani ana makosa. Kisha mwambie mwonevu tendo lenyewe ulilosikia na kwamba likirudiwa atashushwa. Wabadilishe zamu wasikutane. Usiwalazimishe kupeana mikono usiku huohuo. Mkono uliolazimishwa unangoja giza. Pakitokea kipigo, hakuna onyo la pili: mtumbwi uende kisiwani.

Kwa anayeshuhudia, una nguvu kuliko unavyodhani. Si lazima ugombane. Kaa karibu na anayeonewa, mpe kazi ya kufanya na wewe, mwambie mwonevu kwa sauti ya kawaida, "Kaka, hiyo imetosha." Ubabe unahitaji watazamaji wanaocheka, wawili wakinyamaza, unapungua.

Kwa anayeonewa: sema mara moja, kwa ufupi, bila tusi. "Usinimwagie maji tena." Usipigane ukiwa majini, hata ukiwa na haki na misuli. Mpelekee msikilizaji. Andika kwenye simu au kichwani: usiku gani, saa ngapi, mlikuwa karibu na kisiwa gani, nani alikuwepo, maneno yenyewe. Mtandao ukishika, mtumie ndugu mmoja wa nchi kavu ujumbe. Vaa jaketi lako na kaa mbali na ukingo.

Hatua ya 8: Mwonevu akiwa nahodha

Hii ndiyo ngumu, na wengi hunyamaza kwa sababu ya deni. Tajiri amekukopesha ya kodi ya nyumba, nahodha anajua, basi anakutumia anavyotaka. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kutokopa kuliko fungu la giza moja, na kutokubali kitambulisho chako cha NIDA wala simu kushikwa kama dhamana.

Mkiwa majini, tii amri za usalama hata zikitoka kwa mtu usiyempenda. Mtumbwi wenye manahodha wawili kwenye mawimbi unazama. Amri ya kumdhalilisha mtu au kumpiga usiitii. Mabaharia waliobaki waende kwake pamoja, hali ikiwa shwari, msemaji awe mmoja, ombi liwe moja: turudi, au tumshushe fulani. Akikataa, msibishane zaidi. Fikeni salama kwanza.

Hatua ya 9: Mkishafika

Mgao ufanyike hadharani, daftari likiwa wazi, siku ileile hesabu inapokamilika. Kila mwalo una desturi yake; chukua mfano huu. Mauzo ya shilingi 1,200,000, toa petroli, barafu na chakula 480,000, inabaki 720,000. Tajiri nusu, 360,000. Nusu ya mabaharia igawanywe mafungu matano, nahodha mawili na wengine watatu moja moja: fungu ni 72,000, nahodha 144,000. Faini isiyoandikwa kwenye kikao cha mwaloni haikatwi. Aliyeshushwa njiani fungu lake litumwe kwa simu siku hiyo, na muamala uandikwe.

Lalamiko lianze kwa tajiri, kisha kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo wenu, ambao wanawafahamu wavuvi na mitumbwi yao. Kukiwa na kipigo, nenda polisi, omba fomu ya PF3 ili daktari aijaze. Kama umeumia sana, tibiwa kwanza. Udhalilishaji wa kingono unapokelewa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya kumsaidia mtoto ni 116.

Sheria ileile ya 2004 inakataza unyanyasaji kazini, na migogoro ya kazi husikilizwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi hapa Mwanza. Umefukuzwa? Una siku 30 za kufungua shauri. Madai mengine siku 60. Siku hizo huisha haraka kuliko mtu anavyodhani, hasa kama ulikuwa kambini Goziba, kwa hiyo picha ya ule ukurasa wa kikao, ujumbe uliomtumia ndugu na rekodi ya muamala vipeleke mapema. Ndivyo vitakavyoonyesha kwamba ulikuwa kwenye mtumbwi huo, maana mikataba ya maandishi ziwani ni michache.

Kabla ya giza linalofuata, siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa ikiwa imelala, tajiri akae na kila baharia peke yake bila nahodha kuwepo na amuulize swali moja: nani hutaki kupakiwa naye tena? Jina likitajwa na watu wawili, zungumza naye. Likitajwa na watatu, mtafutie mtumbwi mwingine au kazi ya kambini, na usimfiche nahodha wake mpya sababu.